Mvalishaji wa Kwanza

Je, umewahi kusogeza kitu cha mtu, kitu kidogo tu, halafu ukanyamaza ukiomba asijue? Basi kaa vizuri umsikie Kidole. Shuleni alikuwa na jina lake, lakini nyumbani walimwita Kidole kwa sababu hakikupita kitu mbele yake asikiguse.

Kidole aliishi na Babu, Bibi na kaka yake mkubwa. Kila asubuhi Babu ndiye aliyetangulia kuamka kuchemsha chai. Alimtilia Bibi sukari kijiko juu ya kijiko, akakoroga mpaka kikombe kikalia, na Bibi akainywa yote kimya. Bibi hakuwa mtu wa kuomba. Ukimuuliza anataka nini, atakwambia, "Chochote kilichopo."

Babu alipolazwa, jikoni kukapoa. Wodi yake haikuruhusu watu kuingia ovyo. Ndugu waliitwa mgonjwa anapopata nafuu. Kaka alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, na ndiye aliyeitengenezea hospitali ile programu ya kupeleka habari. Muuguzi anaandika hali ya mgonjwa, ndugu anabonyeza simu yake kuuliza, jibu linamjia.

Kidole alitaka kujua jibu linafikaje. Kaka akamweleza kwamba jibu ni moja, ila halitoki nje bila nguo. Ndani ya programu mna wavalishaji. Mmoja hulivika ukurasa wa rangi kwa simu zenye kioo kikubwa, mwingine hulipanga kwa ajili ya kompyuta za madaktari, na mwingine huliacha maneno matupu kwa simu ndogo za vitufe kama ya Bibi.

"Sasa programu inajuaje nani avikwe nini?" Kidole akauliza.

"Simu yenyewe husema inataka nini. Isiposema, inapewa mvalishaji wa kwanza kwenye mstari. Simu ya Bibi haisemi kitu, imemfuata mwenyewe. Ndiyo maana maneno matupu nimeyaweka mbele."

Siku moja Kaka aliacha kompyuta wazi akaenda kuoga. Wavalishaji walikuwa wamepangwa pale kwenye kioo, kila mmoja na mstari wake. Kidole akauona ukurasa wa rangi uko mkiani, akauonea huruma, kitu kizuri namna ile. Akaupandisha juu kabisa. Aliposikia mlango wa bafu, akatoka mbio. Kaka alirudi, akamalizia shughuli yake, akaipeleka kazi yote hospitalini bila kuipitia upya.

Asubuhi iliyofuata, Kaka akiwa ameshatoka, Bibi alibonyeza simu yake. Kioo kidogo kilijaa mabano, alama za mkwaju na herufi zisizosomeka. Aliipangusa kwa upindo wa nguo, akabonyeza tena, yakaja yale yale. Akasema huenda nayo imechoka, akaiweka kando. Kidole alichungulia. Alizijua alama zile: ni nguo za ukurasa wa rangi, zimemwagika kwenye simu isiyojua kuzivaa. Lakini ulimi ukawa mzito. Akajiambia Kaka atagundua mwenyewe, akabeba mkoba wake akaenda shule.

Jibu lililozama chini ya alama zile lilikuwa fupi. Mgonjwa ameamka, anazungumza, anamwita mkewe. Babu alisubiri kutwa nzima akitazama mlango. Jioni akalala, na hakuamka tena.

Baada ya mazishi muuguzi alikuja kutoa pole. Akauliza kwa upole mbona Bibi hakuja siku ile, na ujumbe aliuandika kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo Bibi alipojua. Hakupiga kelele, aliinama tu, akabaki ameinama. Kaka alifungua kompyuta, akauona mpangilio, akajishika kichwa. Alidhani ni yeye aliyeteleza. Hakugusa chakula, akasema kesho ataiacha kazi ya hospitali, kwani mtu kama yeye hafai kuaminiwa na wagonjwa.

Kidole alimkuta anakunja waya za kompyuta.

"Kaka, si wewe," alisema. "Mimi ndiye niliyeupandisha ukurasa wa rangi. Na zile alama niliziona asubuhi ile. Nikanyamaza."

Kaka akakaa chini. Hakumpiga wala hakumfokea, na hilo lilimuuma Kidole kuliko kofi. Akasema kwamba hata yeye ana lake, aliipeleka kazi bila kuipitia. Wakayarudisha maneno matupu mbele, wawili hao, machozi yakiwatoka. Tangu hapo, hakuna badiliko lililokwenda hospitalini kabla ya kujaribiwa kwenye simu ya Bibi.

Kisha Kidole akachemsha chai, akampelekea Bibi, akamweleza yote bila kuficha.

Bibi alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Kidole chako kilikosea, mjukuu wangu, na nimekusamehe. Lakini asubuhi ile mdomo ulikuwa nao. Ungesema, tungempigia kaka yako, nami ningefika. Ukikosea, sema kungali mapema, hata kama unaogopa. Nami nina langu. Niliona simu haisomeki, nikaona haya kumsumbua mtu."

"Bibi, ungefika, ungemwambia nini Babu?"

Bibi alionja chai, akaiweka mezani, akatazama lilipo jiko.

"Nilitaka kumwambia kwamba chai yake ilikuwa na sukari nyingi mno," alisema. "Na kwamba kila asubuhi nilikuwa macho, najifanya nimelala, ili nimsikie akiikoroga."