Moto wa Nahodha Pell

Tangu asubuhi Thomasine Pell alikuwa akiziba nyufa. Alichovya katani kwenye lami, akaishindilia kila penye mwanya, dirishani na mlangoni. Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe, Nahodha Giles Pell. Giles aliondoka bandari ya Harwich, Uingereza, kutafuta njia ya China kwa kupita kaskazini. Meli yake ikakwama kwenye barafu. Barafu ilipoyeyuka, wavuvi wa Urusi waliikuta. Watu wote walikuwa wamekufa, wengine wamekaa mezani, vijiko mkononi.

"Baridi imewaua," mji mzima ulisema. Thomasine akaapa kwamba baridi haitamchukua Avis pia, binti yake wa pekee.

Chungu cha makaa ya mawe kiliwaka katikati ya chumba. Avis alijikunja kitandani.

"Mama, kichwa kinaniuma. Nataka kutapika."

"Ni baridi hiyo, mwanangu. Ngoja nizibe na hapa."

Mwenyewe magoti yalikuwa yakimlegea.

Mara mlango ukasukumwa kwa bega. Alikuwa Bi Ursula, jirani yao, mzaliwa wa machimbo ya makaa.

"We Thomasine! Umejizika ungali hai?"

Hakungoja jibu. Alimbeba Avis mpaka nje, akarudi kumkokota mama mtu. "Vuteni pumzi! Vuteni!"

Avis alitapika kwenye theluji, kisha akafumbua macho.

"Lakini hapakuwa na moshi," Thomasine alisema.

"Moshi ungeuona, ungekohoa, ungekimbia. Hii ni hewa mbaya ya makaa. Haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja, basi tena. Kaka zangu wawili walilala hivyo, hawakuamka. Ukiwasha makaa, acha pa kupitia hewa. Ukienda kulala, yatoe nje."

Kisha akauliza taratibu, "Kwenye meli ya Giles, milango ilikuwaje?"

"Imezibwa. Wavuvi waliivunja kwa shoka."

"Na ndani waliota moto wa nini?"

"Makaa ya mawe," Thomasine alisema. Alimkumbuka Giles akicheka gatini: "Mke wangu, humu hata upepo utabisha hodi!" Katani yote ya kuzibia meli ile aliisokota Thomasine mwenyewe, kwa mapenzi. Akalia kwa sauti.

Siku hiyohiyo alichukua patasi ya mumewe. Aling'oa katani dirishani, akatoboa tundu juu ya mlango. Jioni alitoa chungu cha makaa nje, wakalala chini ya koti kuukuu la Giles.

Kulipokucha chumba kilikuwa baridi kama kaburi.

"Mama, natetemeka," Avis alilalamika.

Thomasine alimkumbatia kwa nguvu.

"Tetemeka, mwanangu," alisema. "Tetemeka tu."