Sauti ya Baba Kwenye Diski

Kikohozi hicho hakikuwamo. Fundi alikuwa na hakika, kwa sababu rekodi zote ishirini na mbili za masimulizi ya baba alizirekodi mwenyewe, sebuleni, wiki moja kabla baba yake hajafanyiwa upasuaji wa koo uliomwachia uhai na kumnyang'anya sauti. Tangu hapo mzee huandika kwenye daftari. Jioni huitoa diski ya nakala kwenye kompyuta ya Fundi na kuichomeka kwenye televisheni ya chumbani kwake, akajisikiliza akisimulia alivyokutana na mama yao.

Fundi, jina alilopewa kwa kutengeneza kompyuta za mtaa mzima, aliirudia rekodi kwenye kompyuta. Kikohozi kipo, chembamba, na si cha baba. Kesho yake kilikuwa kwenye rekodi nyingine. Siku ya tatu kikaanza kucheka.

Akaifungua programu yake ya kuhifadhi nakala, ambayo kila saa tisa alasiri hunakili kwenye diski ile kila faili lililobadilika. Jibu likawa lilelile: hakuna lililobadilika.

"Programu gani hii," alisema kwa hasira. "Mimi nasikia, yenyewe haioni."

"Labda kweli hakuna kitu," dada yake mkubwa alinong'ona kutoka mlangoni. Hakuwa ameingia tena chumbani kwa Fundi tangu kianze kunuka nywele zilizoungua.

"Njoo basi usikilize, dada."

"Sisikilizi. Itoe hiyo kompyuta nje ya nyumba."

"Na sauti ya baba niitupe nayo?"

Dada akaurudishia mlango.

Tatizo Fundi alilijua, na ndilo lililomchemsha damu. Programu ile hutazama tarehe na ukubwa wa faili tu, na hicho kilichokuwa humo kilibadilisha yaliyomo kikaacha tarehe na ukubwa vilevile, kama mwizi anayefagia nyayo zake. Wiki nzima aligombana na mipangilio, akala amesimama, akamjibu dada yake vibaya, mpaka alasiri moja akailazimisha programu ifungue kila faili na kulilinganisha na nakala yake mwanzo hadi mwisho. Saa tisa ilipogonga harufu ikajaa chumba, pazia likaganda ingawa feni ilikuwa ikizunguka, kikohozi kikatoka kwenye spika ambazo alikuwa ameshazichomoa, kikapanda kikawa kicheko, na yeye akabaki ameshika ukingo wa meza, asithubutu kugusa kitu, huku namba zikipanda mojamoja kwenye kioo mpaka programu ikaandika kwamba mafaili ishirini na mawili yamebadilika, na yote yamenakiliwa.

Kimya. Hata harufu ikaisha.

"Umeona?" Fundi alimwambia dada yake aliyechungulia mlangoni, jasho likimtiririka. "Imekubali yenyewe. Nimeiweza."

Jioni baba yao alitoka chumbani akijikokota, akamwekea daftari mapajani. Alikuwa ameandika:

"Umeifanya nini diski? Hadi jana ilikuwa sauti yangu. Leo ni nani huyu?"

Fundi aliyasoma mara mbili. Wiki nzima programu haikunakili hata badiliko moja, na kwa uzembe wake huo ilikuwa imemlinda mzee. Akatafuta kichwani nakala nyingine. Hakuna. Akaanza kulia.

Baba yao alikuwa bado amesimama mbele yake, mdomo umefungwa, sauti yake nzito ya zamani ilipowafikia kutoka kwenye televisheni ya chumbani kwake.

"Ahsante, mwanangu," ilisema. "Ilikuwa imebaki nakala hiyo tu."