Mguu Uliovunjika Stesheni

Jumamosi asubuhi, Machi 1974, Koplo Bokungu alivunjika mguu stesheni ya Kamina. Mguu wa bandia, wa nyuzi za kioo na kole, ile gundi ya kuzigandisha, aliouvaa siku ileile. Alikuwa anapanda treni ya Bukama kwenda kumwoa Marceline. Akaanguka na valizi yake ya nguo mbele ya watu wote.

Kambini walishamhukumu Kyungu, fundi wa miguu: amemharibia mwanajeshi mguu, afungwe. Watu wa Kamina bwana, kuhukumu hawachoki! Mwamba, mwenye cheo cha ajuda, mpelelezi wa kambi, yeye aliokota vipande kwanza.

Mguu ulikatika juu ya kifundo, safi kama muwa. Ndani, nyuzi zilianzia chini, zikapishana kisiginoni kwa umbo la nane, zikapanda zikizunguka. Kyungu alipoonyeshwa akashika kichwa. Alieleza kwamba yeye huzilaza kavu, kutoka goti hadi kisigino, maana zinazofuata urefu ndizo hubeba uzito; zikizungushwa hubana tu.

"Minyi nililaza muzuri," alisema. "Kiisha nikaenda kula."

Nani basi? Mwenze, mpakaji wa kole, alikitamani cheo cha Kyungu wala hakuficha. Alikiri kwamba alizikuta nyuzi zimezungushwa, akapaka akanyamaza, moyoni akifurahi kuwa mkubwa wake amekosea. Roho mbaya hiyo! Lakini Mwamba hakumfunga, kwa kuwa mtu mwingine aliingia karakanani Kyungu alipokuwa anakula: Tamar, muuguzi wa Bokungu, aliyeleta kipimo cha goti.

Mwamba aliwaita wote watatu, Bokungu naye akaja na magongo. Kila mmoja alipewa mguu wa mti na kitambaa kirefu, azungushe upesi. Kyungu alianza gotini akashuka. Mwenze vilevile, ovyo ovyo. Tamar alianza chini, akapishanisha kisiginoni, akapanda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ndivyo wauguzi wanavyofundishwa kufunga bandeji, na mkono uliozoea hauombi ruhusa.

Mwamba aliweka kipande kilichovunjika kando ya kazi ya Tamar. Vilifanana.

"Njo weye ulizizungusha," alimwambia.

Tamar hakubisha. Wivu ulikuwa umemla mpaka akakonda.

"Miezi yote tangu alikatwa mguu, minyi nilimuosha, nilimulisha. Ule mwanamuke wa Bukama hakukuja hata siku moja. Sasa nimutengenezee mguu wa kumufuata?"

Alisema hakutaka Bokungu afe. Alitaka tu arudi kitandani, pale alipokuwa wake peke yake. Bokungu alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Tamar kuliko pingu.

"Na kidonda chako," Tamar aliuliza kwa sauti ndogo, "nani atakufungia?"

Bokungu aliokota magongo.

"Marceline atajifunza."

Jumanne alipanda treni ya Bukama, akiruka kwa mguu mmoja.