Asilimia Tisini na Moja

Jumamosi ile, kama Jumamosi zote, Mawingu aliamka mwili ukiwa bado kitandani na akili imeshaondoka zamani. Jina hilo alipewa na mama yake, tena si kwa ubaya. Ukimtuma chumvi alikuletea kijiko, na ukimuuliza kijiko cha nini, alikujibu kwamba alikuwa anafikiri kidogo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kama kuwaza kungekuwa somo, angeongoza darasa bila kufungua daftari.

Mama yake alikuwa dereva wa maktaba. Ndiyo, maktaba yenye magurudumu. Lilikuwa gari refu la samawati, ndani lina rafu pande zote mbili, na vitabu vimefungwa mikanda ili visimwagike kwenye kona. Wiki nzima lilizungukia shule zisizo na vitabu, na Jumamosi lilipanda mlimani, kwenye shule ya mwisho kabisa, ambako watoto walikuwa wanakaa ukutani kulisubiri tangu asubuhi. Ofisini walikuwa wameshasema wazi: hili likifa, hakuna lingine. Kwa hiyo mama alilitunza kama mboni ya jicho, na usiku lililala uani kwao, juu ya changarawe, chini ya dirisha la Mawingu.

Sasa, kupima oili ilikuwa kazi ya Mawingu. Mama alifundishwa na baba yake, aliyeendesha malori maisha yake yote, na Mawingu alifundishwa na mama siku alipotimiza miaka kumi. Kabla injini haijawashwa, unafungua boneti. Unachomoa kile kijiti kirefu cha kupimia, unakifuta kwa kitambaa, unakirudisha mpaka mwisho, unakichomoa tena. Hapo ndipo unatazama oili imefika wapi kati ya alama mbili. Kisha unaandika daftarini: nimepima, oili sawa. Ni dakika tatu tu. Mama hakuwa na tabia ya kupima tena nyuma ya mtoto. Alisoma daftari, akawasha gari, wakaenda.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo, mjomba wake, ambaye ni fundi wa magari, alibadilisha oili na filta, yaani chujio la oili. Akabonyeza kitufe karibu na usukani, na kwenye kioo cha dashibodi, mahali palipoandikwa uhai wa oili, ikatokea namba: asilimia mia moja. Mawingu aliiona, akaipenda. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na manyunyu, na boneti ni bati, bati la asubuhi lina baridi ya kuuma vidole. Basi akakaa kwenye kiti cha dereva, akazungusha ufunguo nusu, taa ndogo zikawaka kijani na njano gizani, na namba ikawa pale pale inamtazama. Akaandika: nimepima, oili sawa.

Kesho yake namba ilikuwa tisini na nane. Baadaye tisini na sita. Akilini mwake ilikuwa kama tangi la maji la nyumbani: tisini na sita maana yake limejaa karibu pomoni. Nani asingeridhika? Yeye mwenyewe hajawahi kuzipata maksi hizo kwenye hesabu. Zile dakika tatu alizookoa alizitumia kukaa pale kwenye mwanga wa dashibodi, mikono juu ya usukani, akiliendesha gari juu ya paa za nyumba, juu ya minara ya simu, mpaka mahali ambapo hakuna kona wala mtu wa kumtuma chumvi. Wala hakujiona anadanganya. Aliona amepata njia ya mkato.

Jumamosi hiyo namba ilisema tisini na moja. Aliandika kama kawaida, mama akasoma kama kawaida, wakatoka.

Mlimani kulikuwa na ukungu mzito. Barabara ilikuwa inajitokeza kidogo kidogo mbele yao, hatua chache tu, kisha inapotea. Miti ilikuja, ikapita. Vitabu nyuma vilikuwa vinagongana taratibu kwenye mikanda yake, na Mawingu, kichwa kwenye kioo cha dirisha, alikuwa amefika mbali mno katika safari zake mwenyewe aliposikia mama anavuta pumzi puani.

"Unasikia harufu?" mama aliuliza.

Mawingu akarudi duniani. Ni kweli, kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua, kama sufuria ya mafuta iliyosahauliwa jikoni. Kwenye kona iliyofuata taa nyekundu ya oili iliwaka, ikazima. Kona nyingine, ikawaka tena.

Mama alipunguza mwendo, akatupa jicho kwenye kioo cha dashibodi. Asilimia tisini na moja. Akaeleza, nusu akijisemea mwenyewe, kwamba mwaka jana pia taa ile iliwahi kumtisha bure, kumbe waya ulilegea. Shule ilikuwa imebaki kilomita nne, watoto wako ukutani, na huku barabarani hakuna mtu.

"Si umepima asubuhi?" akamuuliza. "Kama oili ipo, basi ni waya tu. Tufike juu kwanza."

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Lilihitaji ndiyo tu, na mama angeendelea kupanda. Mawingu alilijua gari lile kuliko alivyowajua baadhi ya ndugu zake, na alijua kwamba injini isiyo na oili hujisaga yenyewe mpaka ikasimama na isiwake tena. Lakini akisema hapana, mama atajua habari ya wiki tatu. Aliogopa, jamani, aliogopa kweli, na kona nyingine ilikuwa inakuja.

"Sikupima, mama."

"Leo?"

"Leo na siku zote. Tangu mjomba abadilishe oili sijafungua boneti. Nilikuwa naangalia ile namba, halafu naandika nimepima."

Mama aliliweka gari kando kwenye majani, akazima injini. Wakangoja oili, kama ipo, ishuke chini. Kisha mama akamkabidhi kitambaa, akamwambia aende akafanye kazi yake.

Mawingu akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kilikuwa kikavu. Ncha tu ndiyo iling'aa kidogo, kama kijiko kilicholambwa. Alikiinua mbele ya macho ya mama, na machozi yakaanza kumtoka yenyewe.

Mama akampigia mjomba simu, kisha akampigia mwalimu wa shule ya mlimani kumwomba radhi kwamba leo maktaba haitafika. Mwalimu akacheka, akasema kama maktaba haipandi, basi wao watashuka. Haikupita saa moja zikasikika sauti ndani ya ukungu, halafu miguu, halafu watoto wenyewe, wametota umande, wanajitokeza wawili wawili kama wanazaliwa na ukungu wenyewe. Mama akafungua milango ya nyuma. Wakakaa kwenye majani kando ya barabara, vichwa vimeinama, na ikawa husikii kitu ila kurasa.

Mtoto mmoja wa darasa la pili alimfuata Mawingu na kitabu chake mkononi, akauliza kama gari linaumwa.

"Lina kiu," Mawingu akamjibu.

"Nani hakulinywesha?"

"Mimi," akasema. Yule mtoto alimtazama kwa huruma, akarudi kwenye kitabu chake.

Mjomba alifika kwa pikipiki, dumu la oili limefungwa nyuma. Akaingia chini ya gari, akafungua filta. Alipotoka, mkononi alikuwa na mipira miwili ya mviringo, ya kuzibia filta isivuje, na uso wake haukuwa na ule utani wake wa siku zote. Akamwambia dada yake wazi: ule mmoja ni wa filta ya zamani. Ulibaki umeganda kwenye injini, naye hakuutazama, akafunga filta mpya juu yake, ikashindwa kukaza. Ndiyo maana oili ilikuwa inavuja tone kwa tone, na changarawe za uani zikawa zinaimeza. Kosa ni langu, akasema, na hakulizungusha.

"Mbona kioo kilisema tisini na moja?" Mawingu aliuliza. "Kinadanganya?"

"Hakidanganyi," mjomba alisema. "Ila hakijawahi kuiona hiyo oili. Cha gari hili kinahesabu tu: injini imezunguka mara ngapi, imepata joto kiasi gani, safari zilikuwa fupi au ndefu. Halafu kinakisia oili imechakaa kiasi gani. Oili ikimwagika yote barabarani, chenyewe kinaendelea kuhesabu. Na ile mia ya kwanza niliiweka mimi kwa kidole. Ningebonyeza bila kubadilisha hata tone, kingesema mia vilevile."

"Kwa hiyo tusikiamini?"

"Kiamini kwa kazi yake. Kitakukumbusha siku ya kubadilisha oili inakaribia, na hapo kinajua kuliko mimi na wewe. Lakini oili ipo au haipo, hilo linajibiwa chini ya boneti."

Akarudi chini ya gari kufunga filta upya, safari hii na mpira mmoja. Mama akamvuta Mawingu pembeni. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilimtisha mtoto kuliko makelele.

"Kutoijua maana ya namba si dhambi, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nafikiri inapima oili, na ningekuja kufundishwa leo kama wewe. Lakini daftarini hukuandika namba. Uliandika umepima. Kioo hakina macho, wewe unayo, na mimi nilikuwa naendesha kwa macho yako. Roho zetu mbili zilikuwa juu ya neno lako, na hawa watoto wote, na vitabu vyao. Mtu akiandika amefanya kazi ambayo hakuifanya, kuna mwenzake mahali fulani anapanda mlima akiamini."

Mawingu akaomba msamaha, kamasi na machozi pamoja. Mama akamfuta kwa upande safi wa kitambaa. Akamwambia pia kwamba ukweli aliousema pale kwenye kona, wakati ungeweza kumgharimu, ndio uliookoa injini. Kilomita nne nyingine na gari hili lingekuwa banda la kuku.

Mjomba alimaliza, akamimina oili, injini ikawashwa kidogo, ikazimwa, ikaachwa itulie. Taa haikuwaka tena. Mama akaashiria boneti kwa kidevu. Mawingu akachomoa, akafuta, akarudisha, akachomoa, akatazama mpaka akahakikisha. Oili ilikuwa imefika karibu kabisa na alama ya juu.

Kisha mama akasogea, akachukua kijiti, akafuta, akapima tena mwenyewe, mbele yake. Hilo halijawahi kutokea tangu alipotimiza miaka kumi, na lilimchoma kuliko maneno yote ya siku ile.

"Mwezi mzima nitapima nyuma yako," mama alisema.

"Na mwezi ukiisha?"

"Ukiisha, nitakuuliza tu. Utakachosema, ndicho nitakachopandia mlima."