Wa Upande wa Kushoto

Jioni ile nilitoka kuanua nguo tu. Giza lilikuwa linaingia. Nikavuta shuka kwenye kamba, nikahisi kifua kimelowa.

Maziwa.

Upande wa kushoto peke yake. Nikajicheka. Mwaka wa tatu huu tangu nijifungue, na mtoto mwenyewe sikumpakata hata mara moja. Hakuwa wangu. Nilimbebea mama mmoja tajiri asiyeshika mimba. "Wewe ni nyumba tu, dada," daktari wao aliniambia. "Mpangaji akihama, mnaagana kwa amani."

Ila wapangaji walikuwa wawili, na wenyewe walilipia mmoja. Daktari akammaliza wa kushoto kwa sindano, mimi niko macho, natazama dari. Hakuna aliyeniuliza chochote. Tangu hapo naishi peke yangu. Usiku nasikia hata bomba la jikoni likidondosha maji.

Nikaingia ndani na kapu la nguo. Harufu ya spiriti ikanipokea, ile ile ya chumba cha daktari.

Kisha...

Kwi... kwi...

Kilio chembamba. Kilitoka ndani ya kapu nililolishika mwenyewe, na kapu likawa zito ghafla. Nikalitua sakafuni.

Simu ikaita, roho nusura initoke. Alikuwa yule mama tajiri. Tulikatazwa kabisa kuwasiliana.

"Dada, nisamehe," alinong'ona. "Mwanangu kila magharibi anakaa mlangoni, anamwita mwenzake. Sisi hatujawahi kumwambia kitu, haki ya Mungu. Leo ameacha kuita."

"Ameacha?"

"Anacheka tu. Anasema mwenzake kafika." Akameza mate. "Dada... hapo uko na nani?"

Nywele zilinisimama. Ningesema ukweli, wangekuja na mtu wa kumwondoa. Pesa wanazo, na kummaliza walishaweza mara moja. Nikatazama kapu. Shuka lilikuwa likipanda na kushuka, taratibu, kama mtu anayepumua.

"Niko peke yangu," nikasema. Nikakata simu.

Nikafunga komeo. Nilikuwa naogopa, lakini niliketi sakafuni kando ya kapu, nikafungua vifungo vya blauzi.

"Njoo," nikanong'ona.

Mdomo ulikuwa wa baridi.

Na ulishaota meno.