Pumzi Kabla ya Kilio

Haya yalimpata shemeji yangu Azubuike, mume wa mdogo wangu Olaedo, pale Enugu, mtaa wa Uwani. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo wauza filamu wa Onitsha wasije wakakusimulia vingine.

Asubuhi moja ya Jumamosi tulikuwa barazani tunakula okpa ya moto, ule mkate wetu wa njugu mawe. Olaedo alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, na kila mpita njia alimtania kwamba tumbo limefika kabla yake. Azubuike alikuwa kwenye chumba cha nyuma alichokigeuza studio, kuta zote amezibandika trei za mayai. Kwa miaka mingi alikuwa amerekodi kwaya na bendi ambazo hakuna aliyezinunua. Kisha akaanza kutunga nyimbo za filamu, na ghafla kila mwongozaji akawa anamgombania.

Kwetu wimbo wa filamu ndio unaosema mambo kabla hayajatokea. Mwongozaji anakuja, anakula, anasimulia hadithi kwa mdomo, na mtunzi anaiimba yote: huyu atasaliti, yule atazikwa. Mtazamaji anajua, aliyemo ndani ya filamu hajui. Azubuike hakuwahi kukosea hadithi hata moja.

Lakini kilichompa jina ni kilio. Penye msiba, mwishoni mwa wimbo, mwanamke alilia, na wauza kaseti wa soko la Ogbete walikuwa wakijifuta macho huku wakifunga mizigo. Sasa, waitikiaji wake tulikuwa wawili tu, mimi na Olaedo. Hakuna kati yetu aliyewahi kulia kile kilio.

"Ni kinanda, shemeji," aliniambia nilipomuuliza.

"Kinanda kinavuta pumzi?"

Maana kabla ya kilio ilisikika pumzi ikivutwa, ikakwama kidogo kooni. Azubuike alicheka, akasema serikali imepoteza mpelelezi. Sikatai, mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisalimia mara mbili, najiuliza unataka nini.

Wiki chache baadaye Somadina, mtoto wa mama mwenye nyumba wetu, alianguka na pikipiki akafa. Walipokuja kumwambia mama yake, nilikuwa uani naanua nguo. Mama Somadina alivuta pumzi. Ikakwama. Akakohoa. Kisha akalia, "Soma, nani atanifungulia geti?"

Kilio kile nilikuwa nakijua kwa moyo. Kilikuwa ndani ya filamu iliyokuwa ikiuzwa sokoni tangu msimu wa mvua, pamoja na kile kikohozi na lile geti. Niligeuka kumtafuta Azubuike. Alikuwa amesimama mlangoni mwa studio. Hakuwa akimtazama mfiwa. Alikuwa akinitazama mimi.

Tangu siku hiyo sikula tena kilichopita mkononi mwake.

"Mumeo anauza watu," nilimnong'oneza Olaedo jikoni.

"Dada, acha."

"Nakwambia, anauza watu."

"Hata mchungaji ulisema anakula paka."

"Na paka wa jirani yuko wapi?"

Alicheka hadi akashika tumbo. Mimi sikucheka.

Kisha akaja Direkta Okwudili, mwongozaji mwenye kelele nyingi, na hadithi mpya: mke mwema anakufa siku anayojifungua. Azubuike aliisikiliza mpaka mwisho. Wimbo akaurekodi peke yake, hakutuita kuitikia. Hapo nilijua kuna jambo.

Kesho yake mchana alitoka kwenda kununua petroli ya jenereta. Niliingia studio, nikabonyeza kitufe cha mashine. Sauti yake ikaimba: mke amelala, mtoto analia, mke haamki. Kimya. Halafu pumzi ikavutwa.

"Olaedo! Olaedo! Olaedo eee!"

Ilikuwa sauti yangu. Hata mwishoni inavyopasuka, kasoro aliyokuwa akinigombezea kila tukirekodi. Nikakaa sakafuni.

Azubuike alisimama mlangoni, dumu la petroli mkononi.

"Umeisikia," alisema kwa sauti ya chini.

"Umemuuza mdogo wangu."

"Sijamuuza mtu, shemeji. Nikiacha maikrofoni wazi chumba kikiwa kitupu, nikirudi nakuta kilio kimeshaingia. Sikiombi."

"Na cha Somadina?"

"Sikujua ni sauti ya nani. Nilijua siku ile, pamoja na wewe."

"Na ukaendelea kuacha maikrofoni wazi."

Alitazama chini. "Filamu zilikuwa zinapendwa," alisema.

Nilimchukia, nasema wazi. Nilimwamuru afute, akafuta mbele ya macho yangu, tukasikiliza tena, kaseti ikawa tupu. Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mpeleke kwa mama yenu Udi. Leo hii."

"Na wewe?"

"Nina wimbo wa kumaliza."

Njia nzima nilijiuliza kwa nini ana haraka hivyo ya kututoa. Nikawaza ana mwanamke. Nikawaza anataka Olaedo afie mbali, ili yeye asionekane kahusika. Kule Udi nililala miguuni pa mdogo wangu, akijigeuza nami naamka. Uchungu ulipomshika nilifumba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, nisije nikatoa ile sauti. Mtoto akatoka, wa kike. Olaedo akafungua macho, akadai mchuzi wa pilipili. Nilifurahi nikacheza mbele ya wakunga bila aibu.

Mtoto tukamwita Ezinne. Baba yake hakuja kumwona. Aliagiza tu kwamba tubaki huko mpaka filamu itoke. Nilimshuku zaidi. Filamu ilipotoka nikateremka Enugu nimburute Azubuike kwa ukosi akamwone mwanawe.

Pale Ogbete nilikuta watu wamejaa kwenye kibanda cha kaseti, wanacheka. Direkta Okwudili alikuwa katikati, anatoka povu.

"Kwenye filamu yangu anakufa mke! Mke! Huyu mwendawazimu ameimba mume!"

"Oga, mkubwa wangu, labda mtunzi alikunywa kidogo," muuzaji alimtania.

"Kidogo? Nilimwamini nikaubandika bila kuusikiliza, sasa watu wananirudishia kaseti!"

Nilitazama kwenye televisheni. Picha ilikuwa ya mwanamke anazikwa. Lakini Azubuike alikuwa akiimba polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea na mtoto: mume amejifungia chumbani, mume hatafungua, mke yuko mbali, mke ni mzima.

Azubuike, ambaye hakuwahi kukosea hadithi.

Nilikimbia. Sijui kikapu changu nilikiacha wapi.

Uwani umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Jenereta ilikuwa kimya. Mlango wa studio ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mama Somadina akaleta shoka, tukauvunja. Alikuwa kwenye kiti chake. Vipokea sauti masikioni. Mdomo wazi. Nilimgusa shavu. Baridi.

Nikavuta pumzi. Niliisikia inavyoingia. Ilikwama. Nikajaribu kuizuia, na haikuzuilika.

"Olaedo! Olaedo! Olaedo eee!"

Nilikuwa namwita mwenye mume. Naye alikuwa Udi, mzima, ananyonyesha.

Nilipoishiwa sauti, tulisikia kitu kinazunguka. Ilikuwa mashine ya kurekodia. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Mama Somadina aliufuata waya kwa macho mpaka mwisho. Plagi ilikuwa sakafuni, imechomolewa. Akafanya ishara ya msalaba, akatoka bila kuniaga.

Kaseti niliichukua, na Olaedo hajui kama ninayo. Nimeisikiliza mara moja tu. Kilio changu kimo, chote. Baada yake kuna kimya kirefu. Halafu pumzi nyingine inavutwa, fupi, nyembamba, pumzi ya mtoto. Hapo utepe unakwisha, kabla ya kilio chenyewe.

Nimelia sana kwa ajili ya Azubuike, na bado namshuku. Sijui kama alijitoa kwa ajili ya mke wake, au alipata tu siku yake kama sisi sote. Olaedo huwa hataki tumzungumzie.

Ezinne sasa anaimba kwaya ya watoto kanisani, ana sauti kumshinda baba yake. Kila Jumapili nakaa benchi la mbele kabisa. Kinanda kinaanza, watoto wananyanyua vifua, na mimi nasikiliza wa kwetu tu.

"Dada, mbona unamkodolea mtoto macho?" Olaedo ananinong'oneza.

"Anaimba vizuri," namjibu.

Lakini pumzi yake ni ileile ya kwenye kaseti. Nami kila nikiisikia, namshika mama yake mkono, na simwachii mpaka wimbo uishe.