Maoni ya Kiti Nambari Arobaini na Tatu

Sanduku la maoni lilipigiliwa ukutani saa nne asubuhi, kando ya mlango wa jumba la opera la Borgovado. Saa nne na dakika tano lilikuwa na kadi ndani. Hakuna aliyepita. Ondina Scaravelli, karani wa jumba hilo kwa miaka thelathini na mmoja, alijua hakuna aliyepita, maana alikuwa amesimama palepale na ufunguo mkononi, akimngoja fundi akusanye misumari yake.

Akafungua. Kadi ilikuwa ya kwao, kutoka katika bunda lililochapishwa wiki ileile: *Nambari ya kiti. Maoni yako kuhusu msimu ujao. Ungependa kuona nini?* Penye nambari pameandikwa 43, roshani ya juu. Penye maoni palikuwa na neno moja tu, kwa wino wa zambarau, rangi ya mkosi ambayo hakuna mtu wa jumba lile anayeivaa hata kwenye soksi: *Sikuulizwa.*

Kadi ilinuka gesi ya taa na peremende za anisi.

Ondina akazigusa funguo za chuma mfukoni mara tatu kufukuza mkosi, kisha akapanda kwa msimamizi mkuu.

Dakta Evaristo Quaglia alikuwa ametoka Milano mwezi wa Septemba na shahada mbili na mihuri mitatu. Mihuri ndiyo aliyoipenda zaidi. Wa kwanza ulisema YAMEPOKELEWA, wa pili YANACHUNGUZWA, wa tatu YAMEKUBALIWA. Maoni yote yatajibiwa ndani ya siku saba, ndivyo alivyoamuru, na yakishagongwa muhuri wa tatu hayarudi nyuma, yanatekelezwa.

"Kiti arobaini na tatu ni cha nani?" aliuliza.

"Hakiuzwi, Dakta."

"Kwa nini hakiuzwi?"

"Kina mtu."

"Ana tiketi?"

"Alikufa mwaka 1893."

Quaglia akafikiri kidogo. "Basi hana tiketi."

Ondina akamwachia kadi mezani. Bosi mpya ni kama kiatu kipya, humuuma kila mtu mpaka kilainike. Lakini jambo lenyewe Borgovado nzima ililijua. Mfamasia mmoja, Spartaco Malagù, alimpigia mluzi wa kumzomea mwimbaji wa miaka kumi na tisa akiwa kwenye kiti kile, akampigia bila kupumzika, mpaka sauti ya binti ikakatika jukwaani kama uzi. Binti hakuimba tena maishani, hata kumbembeleza mwanawe. Malagù naye alikutwa pazia liliposhuka, baridi, midomo bado imekunjwa. Tangu hapo ikawa desturi: kabla msimu haujatangazwa mjini, mkubwa wa watu wa roshani hupanda na glasi ya divai nyekundu, akakisomea kiti programu yote. Kiti kikinyamaza, msimu umekubaliwa. Kikilia, kitu hubadilishwa. Wasimamizi wote walidai ni upuuzi, na wote walingoja mlangoni kusikia matokeo.

Mwaka huu mzee Argante Bonfiglioli, mchinjaji mstaafu na mkubwa wa roshani, alikuja na glasi yake akazuiwa chini. Quaglia alikwisha kuutangaza msimu kwenye ukumbi wa manispaa, kwa biskuti. Na katika msimu huo, mwimbaji mkuu wa siku ya ufunguzi alikuwa Nives Scaravelli, binti wa pekee wa Ondina, aliyekaa miaka sita kwenye kwaya akiimba nyuma ya migongo ya watu. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele. Akianguka Borgovado, hakuna jumba lingine litakalomwita.

Kufikia Ijumaa sanduku lilijaa. Borgovado ni mji unaosamehe wezi na wanasiasa, ila hausamehe sauti iliyochelewa nusu pigo. *Opera mbili za Kijerumani! Tumewakosea nini?* aliandika mmoja. Mwingine: *Tenori wa mwaka jana aliimba kama mtu anayepandisha kabati ngazini. Mwaka huu naona mmemleta na kabati.* Mwingine: *Huyo Scaravelli wa ufunguzi mrudisheni kwa mama yake.* Mama yake akasoma, akaandika, "Mtazamaji mpendwa, tunakushukuru kwa maoni yako," akagonga muhuri wa kwanza mpaka meza ikatikisika.

Hao walikuwa binadamu, na binadamu hawakumtisha. Kadi za zambarau zilikuja moja moja. *Tenori. Jumatano hatakuwa na sauti.* Jumatano tenori alifungua kinywa hotelini kuomba chumvi, pakatoka hewa tupu. *Kiongozi wa okestra. Mkono wa kulia.* Kesho yake kiongozi akateleza kwenye ngazi kavu, akauvunja. Kadi iliyofuata Ondina aliisoma akiwa wima, kisha akatafuta kiti akakaa.

*Binti. Nitampigia hadi mwisho.*

Siku hiyo alasiri aliingia ukumbini wakati wa mazoezi. Jumba la opera halijui mchana. Saa tisa na jua likiwaka uwanjani, humo ndani ni kiza cha pishi, taa moja tu jukwaani na Nives chini yake, mikono imeshikana tumboni, akianza wimbo wake mkubwa kwa upole, akipanda nao taratibu, na alipofika pale sauti inapoachwa peke yake bila ala hata moja, Ondina akanusa anisi, akanusa gesi, na huko juu kabisa chini ya dari, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala mwanga, ukaanza mluzi mwembamba kama sindano, wa mtu asiyevuta pumzi, ukashuka ghorofa kwa ghorofa ukipita juu ya viti vitupu, ukamfikia binti ukaingia ndani ya sauti yake, mpaka haikujulikana tena kipi ni wimbo na kipi ni mluzi, na sauti ya Nives ikapasuka.

"Nani huyo?" Nives alinong'ona. "Mama, nani yuko juu?"

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Ndicho ninachoogopa."

Quaglia alikuwepo, na aliusikia, na shahada zote mbili zilimtoka usoni. Lakini alikuwa mtu wa ofisi; kufikia kesho yake asubuhi alikwisha kutoa waraka. Kiti 43 kiondolewe kwa matengenezo. Padre Celso wa parokia aalikwe. Penye sababu ya mwaliko aliandika "ukaguzi wa unyevunyevu", maana fomu haikuwa na safu ya mapepo.

Padre Celso akapanda na maji ya baraka na ubani, akasoma kwa sauti iliyoanza na ujasiri na kuishia na haraka. Mafundi wakafungua skrubu, wakakipeleka kiti stoo ya chini. Harufu ikakatika. Roshani ikawa roshani tu, na pengo kama la jino.

Argante alisimama mlangoni, kofia kifuani. "Umemnyang'anya mtu kiti chake, Dakta. Mtu akinyang'anywa kiti ukumbini, huenda wapi?"

"Nje, mzee wangu."

"Huyo hajatoka nje tangu 1893. Atakaa popote palipo karibu na muziki."

"Andika kwenye kadi," alisema Quaglia.

Ufunguzi ulikuwa siku ya Mtakatifu Stefano, saa tisa na nusu alasiri, watu wakiwa bado wazito kwa chakula cha Krismasi na hivyo wakali zaidi. Saa saba Ondina alipeleka supu chumba cha kuvalia. Nives alikuwa mbele ya kioo, gauni limefungwa, mweupe kuliko poda.

"Kunywa kidogo."

Nives akatikisa kichwa. Akamshika mama yake mkono, akafungua kinywa ajaribu sauti, wazi kabisa, midomo haikukunjwa hata kidogo, na kutoka ndani ya koo lake ukatoka mluzi.

Haukuwa wake. Nives aliziba kinywa kwa mikono miwili na mluzi ukaendelea nyuma ya vidole, machozi yakimchuruzika, na ndani ya chumba kile kidogo harufu ya anisi ilikuwa ikitoka kwenye pumzi yake.

Ondina hakupiga kelele. Alishuka mbio hadi stoo, akamkuta Argante amekwisha fika, ameketi kandokando ya kile kiti kama mtu aliye zamu wodini.

"Nilijua utakuja, Ondina. Shika miguu."

Karani wa miaka hamsini na minane na mchinjaji wa miaka sabini na tisa wakakipandisha kiti ngazi mia moja na nne, wakikaza meno, mpaka roshani ya juu, Ondina akazikaza skrubu kwa ufunguo wa sanduku la maoni. Argante alikuwa ameishiwa pumzi. Alibakiwa na nguvu ya kutoa chupa na kujaza glasi tu. Ikabidi asome Ondina.

Akasoma msimu wote, tarehe kwa tarehe. Kwenye opera ya kwanza ya Kijerumani kiti kililia. "Najua," alisema Ondina. "Najua, baba." Kwenye ya pili kikalia tena. Kisha akarudi mwanzo, kwenye ile aliyoiruka. "Ufunguzi. Mwimbaji mkuu, Nives Scaravelli."

Baridi ikampanda kutoka visigino hadi kisogoni.

"Hukuulizwa, na tumekosa," alinong'ona. "Sasa nakuuliza. Toka kooni mwake, ukae hapa, umsikilize. Ukiona hafai, mpigie. Lakini msikie kwanza, kama mtu mwenye masikio."

Divai ikacheza ndani ya glasi. Kisha kalio la kiti likabonyea, polepole, kama linavyobonyea chini ya mtu mnene anayeketi bila haraka.

Saa tisa na nusu pazia lilifunguliwa. Roshani ilijaa, watu wamekunja mikono, na hakuna aliyeugusa ubavu wa 43. Ondina alisimama nyuma, ameuma leso. Nives akaanza. Sauti ilikuwa yake, na ilikuwa na kitu kipya, kidonda ambacho hakikuwepo. Na ilipoachwa peke yake bila ala, ikapanda hadi darini ikakaa huko, na wale watu wabaya wa Borgovado wakasahau ubaya wao. Ilipokwisha hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Wote walikuwa wakikitazama kiti.

Ndipo makofi yakaanza pale, ya viganja viwili tu, makavu, ya taratibu. Jumba zima likalipuka baada yake. Argante alikuwa akilia kama mtoto. "Hajawahi," alisema. "Miaka yote hii, hajawahi kumpigia mtu makofi."

Ondina naye alilia, akacheka, akambusu kila aliyempita njiani. Watu walipotoka alikwenda ofisini kuchukua koti. Quaglia alikuwa mezani, uso unang'aa, kadi za siku hiyo mbele yake.

"Bibi Scaravelli! Maoni mazuri ya kwanza tangu tulipofungua sanduku. Nimeyashughulikia mwenyewe."

Akamsogezea kadi. Kiti 43. Wino wa zambarau. *Maoni yako kuhusu msimu ujao:* *Nimeridhika.* Na chini yake, *Ungependa kuona nini?*

*Huyu. Kwangu peke yangu. Daima.*

Juu ya maneno hayo, wekundu umekauka vizuri, palikuwa na muhuri wa tatu.

Ondina aliinua macho. Kutoka roshani ya juu kiti kililia mara moja, kama kinavyolia mtu anaposimama, kisha nyayo zikaanza kushuka ngazi mia moja na nne, bila haraka, kuelekea vyumba vya kuvalia.